Mafua yangu, homa yake: je, ni ugonjwa mmoja?

Swali: Shikamoo daktari. Niko Morogoro, nina watoto wawili, na mume wangu ni dereva wa lori. Wiki iliyopita nilishikwa na mafua, kamasi na chafya mfululizo, lakini niliendelea na biashara yangu ya mama lishe kama kawaida. Jumatatu mume wangu akarudi safari. Saa kumi jioni alikuwa mzima, saa tatu usiku anatetemeka chini ya mablanketi mawili. Mwili wote unamuuma, kichwa kinamgonga, kikohozi kikavu, chakula hataki. Duka la dawa walimpima malaria, hakuna, lakini wakampa mseto na amoksilini "kwa usalama". Leo ni siku ya nne. Jirani yetu ambaye ni muuguzi anasema hiyo ni influenza, siyo mafua. Mimi nilidhani ni kitu kimoja. Je, nimemwambukiza mimi? Na Jumatatu ijayo anatakiwa barabarani, aende?

Jibu: Marahaba dada yangu, na pole kwa kuuguza.

Umenitajia saa, na hizo saa ndizo zilizonifanya nimwamini jirani yako kabla sijamaliza kusoma barua. Mafua hubisha hodi. Jioni koo linawasha, asubuhi chafya, kesho yake pua imeziba na sauti imekwaruza, na ukiulizwa yalianza lini unajibu "tangu juzi hivi". Influenza haibishi. Wagonjwa wake huniambia walikuwa wapi ilipowakuta: kwenye foleni ya benki, katikati ya kipindi darasani, kwenye usukani. Nimezoea kuuliza swali hilo mapema, "Ilikukutia wapi?", na anayenijibu kwa jina la mahali namtazama kwa jicho jingine.

Sitaapa kwa barua tu. Uhakika kamili unataka kipimo cha ute wa puani, na vituo vingi vyetu hawana. Lakini ukitaka kuyatofautisha magonjwa haya mawili kwa macho, angalia mgonjwa yuko wapi. Mwenye mafua anazunguka na leso mkononi, analalamika, anakula kidogo, anafanya kazi, kama ulivyoendelea kupika. Mwenye influenza, simu inaita pembeni ya mto na haipokei. Pua yake inaweza isiwe na kamasi nyingi kabisa. Ana joto la 38 au 39 na zaidi, misuli inamuuma kama aliyebeba mifuko ya saruji kutwa nzima, macho yanamuuma akiyageuza, na kikohozi chake kinatoka kifuani, kikavu, kinachoumiza. Mtu mzima mwenye mafua ya kawaida ni nadra kupata joto la namna hiyo. Mtoto anaweza kulipata, na ndiyo maana kwa watoto hata sisi wenyewe hukosea.

Kuchanganya kwako si kosa lako, ni lugha imetuponza. Huku kwetu "homa" ni joto la mwili, na mtu akisema ana homa tunawaza malaria. Vuka Namanga uingie Kenya, mtu akikuambia "niko na homa" mara nyingi ana maana kamasi zinamtiririka. Majirani zetu waliosoma kwa Kifaransa wana "gripi" yao. Na mjini siku hizi kila anayepiga chafya mbili ofisini ana "flu". Kwa hiyo ugonjwa mdogo umepewa jina la mkubwa, na mkubwa ukija unaitwa malaria. Hata neno influenza lenyewe lina historia ya kupapasa gizani: ni la Kiitaliano, maana yake athari, kwa kuwa watu wa zamani waliamini maradhi haya yaliletwa na nyota.

Sasa, tofauti yenyewe iko wapi? Mafua ni jina la hali na siyo la mdudu mmoja. Virusi zaidi ya 200 vinaweza kukuletea mafua, na kundi linaloongoza, raino virusi, peke yake lina aina zaidi ya 160. Ndiyo maana mtu anapata mafua kila mwaka mpaka anazeeka, na ndiyo maana hakuna chanjo ya mafua: utachanja kwa kipi na uache kipi? Virusi hivi vya raino vinapenda joto la nyuzi 33 hivi, ambalo ni la ndani ya pua, panapopita hewa ya baridi. Kifuani kuna joto zaidi, hapawafai sana. Wanaishia mlangoni, wanafanya fujo mlangoni, na baada ya wiki moja au siku kumi mwili umewatimua.

Influenza ni familia yake yenyewe. Zinazotusumbua kila mwaka ni aina mbili, A na B. Hiyo haikai mlangoni. Inashuka kwenye koromeo na mirija ya hewa, na ikikuta njia inafika mapafuni. Ndani ya mirija hiyo kuna vinyweleo vidogo mno vinavyofagia vumbi na makohozi kwenda juu, usiku na mchana, bila wewe kujua. Influenza inavichubua pamoja na ngozi laini iliyovibeba. Hicho kikohozi kikavu cha mume wako ni mirija iliyochubuka, ambayo imebaki bila mfagizi. Ngozi hiyo inaota tena, ila inachukua wiki kadhaa.

Utaniuliza, kama kirusi kiko kifuani, mbona mapaja yanauma? Maumivu yale siyo ya kirusi, ni ya askari. Mwili ukigundua uvamizi unamwaga kemikali za kuita msaada, mojawapo inaitwa intaferoni, na hizo ndizo zinazopandisha joto, kuumiza misuli na kuondoa hamu ya kula. Tunajua hivyo kwa sababu kuna wagonjwa wa homa ya ini ambao kwa miaka mingi walitibiwa kwa sindano za intaferoni, na baada ya sindano walikuwa wanalala wanatetemeka na kuumwa mwili mzima, bila influenza yoyote. Mafua nayo yanaita askari, lakini wa mtaa mmoja. Influenza inaamsha kambi yote.

Je, umemwambukiza wewe? Sidhani. Mafua hayakomai yakawa influenza, kama vile paka hakui akawa chui. Kirusi chako cha mafua kingempa yeye mafua. Kuna njia moja tu ambayo ingekufanya uwe wewe: kwamba ulichokuwa nacho wiki iliyopita kilikuwa influenza yenyewe, nyepesi, maana kuna wanaoipata ikawapitia juu juu. Lakini hesabu siku. Tangu kirusi kiingie mpaka dalili zitoke ni siku moja hadi nne, mara nyingi mbili. Aliugua Jumatatu usiku. Basi alikiokota kati ya Alhamisi na Jumapili, alipokuwa safarini. Mizani, vituo vya mpakani, gesti, kabini ya lori yenye vioo vilivyofungwa na utingo anayekohoa pembeni. Hapo ndipo ningetafuta.

Hata hivyo, kwa kuwa wewe ni mama lishe, niruhusu nikuchokoze kidogo. Mafua yanasafiri sana kwa mikono: unapangusa pua, unashika sahani, mteja anashika sahani, anajikuna jicho. Ukiwa na kamasi na huwezi kufunga biashara, basi sabuni na maji yanayotiririka viwe karibu kuliko sufuria, na ukipiga chafya geukia kiwikoni.

Nakuja kwenye mseto, jambo linaloniudhi kidogo, na nasema hivyo nikijua wenzetu wa maduka ya dawa wanafanya kazi ngumu. Kipimo kimesema hakuna malaria, kisha mgonjwa anapewa dawa ya malaria. Kipimo kilikuwa cha nini? Tumelelewa tukiamini kwamba homa ni malaria, na isipokuwa malaria ni taifodi, na isipokuwa taifodi ni yutiai, maambukizi ya njia ya mkojo. Wataalamu waliwachunguza watoto 1005 wenye homa Dar es Salaam na Ifakara na kuchapisha matokeo yao mwaka 2014. Waliowakuta na malaria walikuwa karibu mmoja katika kila kumi. Wenye maambukizi ya njia ya hewa walikuwa sita katika kila kumi, na wengi wa watoto hao 1005 walikuwa wanaumwa virusi ambavyo wala mseto wala antibayotiki haviwezi. Soma tena hapo, halafu fikiria ni vidonge vingapi vinamezwa bure nchini kila asubuhi.

Wala usinisikie vibaya. Mume wako anapita sehemu zenye mbu, na malaria inaua haraka kuliko influenza. Mlifanya vizuri kupima. Kama bado ana joto leo siku ya nne, apimwe tena, kituo cha afya, akiwaeleza njia alizopita. Mseto wa siku tatu nadhani ameshaumaliza. Kuhusu amoksilini, hiyo inaua bakteria, na kirusi hakina habari nayo; mpeleke na pakiti yenyewe kituoni waamue kama kuna sababu ya kuiendeleza. Na mtu asiwatishe na kamasi za kijani. Ule ukijani unatokana na seli nyeupe za damu zilizokufa kazini, haumaanishi kwamba lazima upewe antibayotiki.

Lakini bakteria wana nafasi yao katika hadithi hii, na hapa ndipo nataka uwe macho kuliko popote.

Mwaka 1892 mtaalamu wa Kijerumani, Richard Pfeiffer, alikuta bakteria fulani kwenye makohozi ya wagonjwa wa influenza akatangaza kwamba mwizi amekamatwa. Dunia ilimwamini kwa miaka mingi. Kumbe yule bakteria alikuwa ameingia kwenye nyumba ambayo mlango wake ulikwisha kuvunjwa na mwingine. Mwenye kuvunja, kirusi cha influenza cha binadamu, alipatikana London mwaka 1933. Bakteria wa Pfeiffer mpaka leo anabeba jina la ugonjwa ambao hakuusababisha. Kati ya kosa lile na ukweli ule ulipita mwaka 1918, influenza ilipozunguka dunia na kuua watu wanaokadiriwa kufika milioni 50. Afrika Mashariki iliingia mwishoni mwa mwaka huo, vita vinaisha, ikitokea bandarini na kufuata reli na njia za wapagazi na askari waliokuwa wanarudi makwao. Wengi wa waliokufa hawakumalizwa na kirusi peke yake. Walimalizwa na nimonia ya bakteria iliyokuja nyuma yake, kupitia mirija ile iliyochubuliwa.

Mtindo huo haujabadilika. Miaka kadhaa iliyopita nilipokea fundi seremala wa miaka hamsini na kitu. Mkewe alisimulia vizuri sana: siku nne za homa kali, siku ya tano akaamka, akaoga mwenyewe, akaomba chai na mihogo, wakamshukuru Mungu. Siku ya saba joto likarudi, safari hii na kichomi upande wa kulia, akawa anakohoa makohozi ya rangi ya kutu. Walidhani ni homa ile ile inamalizikia. Walikaa nayo siku mbili. Alipofika kwetu alikuwa hawezi kumaliza sentensi bila kuvuta pumzi. Alipona, ila baada ya wiki mbili wodini na oksijeni. Zile saa 48 za kusubiri ndizo zilizomgharimu.

Kwa hiyo influenza ya kawaida ina mlima mmoja: inapanda ghafla, inakaa siku tatu mpaka tano, inashuka. Ukiona mlima wa pili, yaani nafuu imekuja kisha joto limerudi, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo akihema kwa shida, kifua kikimchoma anapovuta hewa, midomo ikibadilika rangi, akichanganyikiwa au akishindwa kuamka vizuri. Hapo antibayotiki ina kazi ya kweli, na pengine dripu na oksijeni.

Kwa watoto wenu usisubiri milima. Mvue nguo ya juu mtoto akiwa ametulia, hajalia, mwangalie kifua na uhesabu pumzi kwa dakika nzima kwa saa ya simu. Wa miezi miwili hadi kumi na moja akifika 50, au wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, anahema haraka kuliko inavyotakiwa, mpeleke kituoni. Ukiona nyama za chini ya mbavu zinavutwa ndani kila anapovuta hewa, au hanyonyi, hanywi, anatapika kila kitu, amepata degedege, hapo usihesabu kitu, nenda. Wajawazito, wazee, wenye pumu, kisukari, moyo, selimundu au VVU nao hawapaswi kuivumilia influenza nyumbani bila kuonana na mtaalamu mapema. Kuna dawa ya kirusi chenyewe, oseltamiviri, inayofanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya saa 48 za mwanzo. Haipatikani kirahisi kwetu, lakini kwa watu hawa inafaa kuiulizia siku ya kwanza badala ya ya tano.

Kwa mume wako, ambaye naona ni mtu mzima mwenye afya, matibabu ni ya kawaida kuliko unavyotarajia. Alale. Anywe, hata kama hali: maji, uji mwepesi, supu, madafu mkiyapata. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai ya rangi, hajanywa vya kutosha. Parasetamo kwa joto na maumivu, vidonge viwili vya miligramu 500, visizidi vinane kwa siku nzima. Na hapa chukua ile pakiti ya "dawa ya mafua" iliyoko kwenye droo yako, igeuze, usome maandishi madogo ya nyuma. Mara nyingi ndani yake kuna parasetamo tayari, pamoja na kizuia chafya kinacholeta usingizi. Mtu anameza hizo, kisha anaongeza parasetamo pembeni, halafu jirani anamletea nyingine yenye jina tofauti, na ini ndilo linalolipa. Chagueni moja. Aspirini msimpe mtoto mwenye homa ya virusi, inaweza kumletea ugonjwa mbaya wa ini na ubongo.

Tangawizi na limao, ruksa, vinatuliza koo. Asali pia inapunguza kikohozi, isipokuwa kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, huyo asionje kabisa. Kujifukiza? Najua tangu ile miaka ya korona kila nyumba ina nyungu yake. Mvuke unafungua pua kwa muda na mtu anajisikia vizuri, hauui kirusi. Nimeona mapaja ya watoto yaliyomwagikiwa sufuria ya nyungu, na sikuona influenza iliyostahili majeraha yale. Watoto wasifukizwe. Kuhusu mvua, kama mama mkwe atasema amenyeshewa njiani, usibishane naye. Mvua haina kirusi, lakini inatufungia ndani pamoja, madirisha yamefungwa, tunakoholeana. Yuko karibu na ukweli kuliko anavyojua.

Anaambukiza tangu siku moja kabla ya kuugua mpaka siku tano au saba baadaye. Kama chumba cha pili kipo, alale huko. Kama hakipo, dirisha likae wazi na watoto wasilale naye kitanda kimoja mpaka wiki iishe. Kikombe chake kiwe chake.

Chanjo ya influenza ipo, ingawa haimo kwenye chanjo za kawaida za watoto wetu. Mtu huitafuta hospitali binafsi za miji mikubwa au anapoandaliwa kwenda Hija. Inachanjwa upya kila mwaka kwa sababu kirusi kinabadilisha sura kidogo kidogo, na Shirika la Afya Duniani hukaa kila Februari na kila Septemba kuamua sura ipi iwekwe kwenye chanjo inayofuata. Haizuii kila mtu asiugue, ila inapunguza kuugua vibaya. Virusi vilivyomo ndani ya sindano ya kawaida vimekufa, kwa hiyo anayekuambia ilimpa influenza alipata uchovu wa chanjo, au alikutana na mafua ya mtu mwingine wiki hiyo hiyo. Kwa dereva anayevuka mipaka mara tatu kwa mwezi, mimi ningemshauri aiulizie. Na kwa huku kwetu karibu na ikweta, influenza inaonekana karibu miezi yote, kwa hiyo hatuna ule msimu mmoja wa kuisubiri kama wenzetu wa Ulaya na baridi yao.

Umeuliza kuhusu Jumatatu. Itakuwa siku ya nane. Sharti la kwanza: awe amekaa saa 24 bila joto na bila kumeza parasetamo ya kulishusha. Sharti la pili: asiwe anatumia vidonge vya mafua vyenye dawa ya usingizi, wala sharubati ya kikohozi ya namna hiyo, maana lori la tani thelathini halitaki macho mazito. Kikohozi kinaweza kumfuata wiki mbili zaidi, hicho peke yake hakimzuii. Uchovu ndio unaonipa wasiwasi. Jumapili jioni mwambie atembee mpaka sokoni na kurudi akiwa amekubebea gunia dogo la mkaa. Akifika nyumbani akatafuta kiti kabla ya kuteremsha mzigo, mpigie bosi wake simu wewe mwenyewe, mwombe siku tatu.